Pini ya Shaba

"Mama, hii mashini ilishakufa," Rodrigue alisema, na wakati anasema hivyo alikuwa amekifunika kwa kidole gumba kile kitu kidogo kilichovunjika.

Tusimsingizie. Hakuamka asubuhi na nia ya kumdanganya mjane. Alipanda moto, yaani pikipiki, mpaka kwa Mama Brigitte, pembeni ya Nyakasanza, kwa sababu aliitwa, na mutu akiitwa na mke wa mwalimu wake anaenda. Lakini kuna uongo unaotoka kinywani kama kikohozi: ukishatoka, umetoka, na mwenyewe unabaki kujifanya hukukohoa.

Chini ya turubai, nyuma ya nyumba, kulikuwa na mashini ya kuchonga chuma, ile mafundi wa Bunia wanaita tour. Unafunga chuma kwenye kichwa chake, chuma kinazunguka, kisu kinakula taratibu mpaka upate duara unayotaka. Ilikuwa kuukuu, rangi ya kijani imebaki kwenye kona tu, lakini ilikuwa imewalisha watu wengi kuliko shamba. Ilikuwa ya Papa Josaphat, Mungu amurehemu. Vita ilipofika kijijini kwao, huko Djugu, upande wa nyuma wa Iga Barrière, wengine walipakia magodoro na sufuria. Papa Josaphat alipakia mashini. Chuma kilijaza gari lote, na Mama Brigitte akatembea kwa miguu, mutoto mgongoni. Hakumsamehe mpaka mzee alipokufa. "Huyu bwana alioa wanawake wawili," alikuwa anawaambia wageni, "na yule mwingine njo alipanda gari." Papa Josaphat alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

Rodrigue aliisikia hadithi hiyo mara nyingi, maana alikulia na kujifunza kazi katika nyumba ile. Hakuwa na baba wala mama; mjomba aliyemlea alikuwa anahesabu hata vipande vya muhogo kwenye sahani yake. Kwa Papa Josaphat hakukuwa na hesabu. Mutoto aliyekuja kujifunza kazi alikula kwenye sahani moja na watoto wa nyumba, na siku ya msiba alikaa nao kwenye mkeka. Mzee alikuwa na msemo wake: "Kuko watoto wa tumbo, kuko watoto wa mikono. Wote ni wangu." Siku walipomzika, Rodrigue alikaa kwenye ule mkeka kati ya Laurent, kifungua mimba, na wadogo zake, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini pale. Tangu siku hiyo hakukata nywele, kama watoto wengine. Katika ukoo ule, nywele za watoto zinanyolewa siku ya kutoa matanga, wakati mwaka wa kilio unapoisha, na wanaonyolewa ni watoto tu. Rodrigue alikuwa anaishika ile nywele yake iliyovurugika na kuona fahari. Ilikuwa cheti chake cha kuzaliwa.

Sasa sikiliza habari ya pini, maana mambo yote yako hapo.

Zamani, Rodrigue akiwa bado anajifunza, alikuwa na haraka sana. Siku moja alisukuma kisu kwa nguvu, chuma kikakwama, na ndani kukasikika kwaa! Jino la gia likakatika. Wengine wangepigwa. Papa Josaphat alifunga safari mpaka soko la Ariwara kutafuta gia nyingine, na aliporudi alifungua puli, akatoa pini ya chuma kigumu iliyoifunga kwenye shafti, akaweka nyingine aliyoichonga kwa shaba. "Chuma kinabishana," alimwambia. "Shaba inakubali kuvunjika. Kuanzia leo, ukifanya haraka yako, pini itavunjika, lakini mashini itabaki muzima. Hii niliiweka juu yako, Rodri, kwa ajili yako." Na kweli, kila mara pini ilipovunjika, mota ilinguruma, puli ikazunguka, na kichwa kikagoma kabisa. Asiyejua angesema imekufa. Mzee alikuwa anasema, "Ilizimia tu," anaweka pini nyingine, na kazi inaendelea kabla chai haijapoa.

Basi, baada ya msiba, Laurent alijaribu kuchonga kitu, yeye ambaye kazi yake ni kubeba watu kwa moto. Mashini ikanguruma, kichwa kikagoma. Watu wa vyuma chakavu wakanusa, wakaja na mizani yao. Mama Brigitte akawaambia wangoje kwanza Rodrigue aje aiangalie.

Rodrigue alifungua kifuniko, akaona pini ya shaba imekatika katikati, safi kabisa, kama ilivyotakiwa. Moyo wake ukaruka. Miaka mingi alikuwa anatafuta mashini ya mkono wa pili kwa ajili ya nyumbani kwake. Wachuuzi wa Ariwara walimtajia bei za kumkimbiza mutu. Na kichwani mwake jambo likajipanga lenyewe: ikiwa imekufa, inauzwa kwa kilo.

"Kabisa?" Mama Brigitte aliuliza.

"Kabisa, Mama. Ndani mote mulikwisha. Gia, mashafti, yote."

Mama Brigitte alimwangalia. Alikuwa ameshika kisu cha kuparia samaki, maana anauza samaki wa Tchomia sokoni, na magamba yalikuwa yanamng'aa kwenye mikono. Alikipangusa kisu kwenye kitenge, taratibu, pande zote mbili, jambo ambalo Rodrigue baadaye angelirudia kichwani mpaka limuchoshe.

"Na weye utafanyia nini maiti?"

"Nitatoa vyuma vyake, kimoja kimoja. Vitasaidia kwa kazi zingine."

"Haya. Basi nipe bei ile watu wa mizani wanatoa."

Rodrigue alitoa, tena aliongeza kidogo juu, na akajiona mutu wa huruma. Ona mambo! Mutu anaiba ng'ombe, anarudisha kamba, na anangoja ashukuriwe.

Kubeba ile mashini kulihitaji wanaume na magogo ya kuisukumia mpaka kwenye gari. Laurent alibeba upande mzito. "Yaya Rodrigue," alisema akihema, maana alimwita hivyo, kaka mkubwa, siku zote, "baba angefurahi kuona iko inaenda kwako, hata kama ni mufu." Vijana wa mtaa, kwa mzaha, wakaanza kuimba wimbo wa kusindikiza jeneza. Watu wote wakacheka. Mama Brigitte alipiga bamba la chuma kwa kiganja, kama mutu anavyoaga, akasema, "Enda, muke mwenzangu. Hata leo ulipanda gari." Wakacheka tena. Rodrigue alicheka pamoja nao, kisha akageuka kukaza kamba ambazo zilishakazwa.

Nyumbani kwake, Mudzipela, alikuwa ameshatengeneza sakafu ya simenti chini ya kibanda cha mabati. Kesho yake umeme ulipokuja, alikata kipande cha shaba, akakipiga tupa mpaka kikaingia, akafunga kifuniko, akawasha. Mashini ikaamka. Ikaimba sauti ile ile aliyoijua tangu ujana, nzuri, nzito, bila kukwaruza. Ilimjaza machozi, na hakujua kama ni ya furaha.

Micheline, mke wake, alitoka jikoni na mikono ya unga. "Baba Abigaël! Inatembea!"

"Inatembea."

"Si ulisema ilikufa?"

"Ilikuwa na kasoro kidogo."

Micheline hakuwa mwanamke wa kelele. Alisimama akaangalia kichwa kinavyozunguka, akafuta mikono kwenye kitenge. "Kasoro kidogo," alirudia. "Na Mama Brigitte anajua kama ilikuwa kidogo?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Micheline! Acha kwanza kazi ianze."

Na kazi ilianza, tena kwa fujo. Wenye mashini za kusaga unga walileta mashafti yaliyolika, wenye moto walileta vyuma vyao, hata kutoka Boga mutu alifika na puli iliyopasuka ndani ya gunia. Wateja walimsifu. Kila sifa ilimchoma. Kila alipopiga mashini umeme, alisikia jina lake mwenyewe likiitwa: juu yako, Rodri, juu yako. Akisikia moto ya Laurent kwenye barabara, alikuwa anazima haraka na kuitupia turubai, moyo unampiga kama wa mwizi wa kuku. Na alikuwa nani, kama si mwizi? Mwenyewe alijiuliza hivyo, waziwazi, na akajijibu, na jibu halikumpendeza.

Akaanza kupeleka vitu. Sabuni. Sukari. Mfuko wa unga wa mahindi. Kila mara alitoka nyumbani ameyapanga maneno: Mama, nilikosea, mashini haikukufa, nisamehe, tuhesabu upya. Kila mara Mama Brigitte alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Aksanti, Rodri. Roho yako inakuhangaisha sana juu yetu." Halafu anamtazama, kama mutu anayengoja kikombe kijazwe. Rodrigue anauliza habari za samaki. Anauliza habari za mvua. Anarudi nyumbani na maneno yake yote tumboni.

"Ulisema?" Micheline anauliza.

"Kulikuwa na wageni."

"Mm." Anageuza sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria. "Hawa wageni wa kwa Mama Brigitte hawaishake."

Mbaya zaidi, katika roho yake alianza kumkasirikia yule mama. Kwa nini hakuwaita mafundi wawili? Kwa nini alimwamini? Uongo una tabia hiyo. Ukikosa pa kulala unamtupia lawama aliyedanganywa. Halafu hasira ilikwisha na aibu ilibaki, imekaa pale pale kwenye benchi la kazi pamoja naye, kutwa nzima.

Siku ya kutoa matanga ilikaribia. Jumamosi moja, saa za jua kali, Rodrigue alikuwa anachonga shafti ndefu, na kelele ya chuma ilimzibisha masikio. Alipoinua macho, Mama Brigitte alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mwavuli mkononi, kitenge kizuri cha kwenda kualika watu.

Mkono wa Rodrigue ulirukia swichi. Katika haraka yake aligonga usukani wa kisu, kisu kikajichomeka, chuma kikakwama, na kabla mota haijazimika pini ikasema tak. Halafu kimya.

Mama Brigitte aliingia, akafunga mwavuli, akaketi kwenye kibao bila kungoja kukaribishwa.

"Ilizimia," alisema.

Rodrigue aliondoa mkono kwenye swichi. Mama hakusema "ilikufa". Hakusema "iko na nini?" Alisema neno lile la mzee.

"Mama..."

"Ngoja nipumue kwanza, jua ni kali." Alijipepea na kona ya kitenge. Halafu akafungua mkoba, akatoa mkebe mdogo wa maziwa ya unga, wenye kutu, akauweka juu ya mashini. Ndani kulikuwa kunagongana vitu vidogo. "Fungua."

Rodrigue alifungua. Mkebe ulikuwa umejaa pini za shaba. Zote za kipimo kimoja, zimelainishwa pembeni, kazi ya mkono alioujua kuliko mkono wake.

"Alizichonga wakati wa ugonjwa," Mama Brigitte alisema. "Alikuwa anakaa juu ya kiti, anapumzika, anachonga moja, anapumzika tena. Nikamuuliza, za nini zote hizi, na weye uko mugonjwa? Akasema: Rodri iko na haraka, atazivunja mingi. Mashini ni ya kwake. Muambie asitoe makuta, hata faranga moja. Kazi ikitembea, atawaangalia wadogo zake, basi."

Shaba ilikuwa inang'aa kwenye kiganja cha Rodrigue. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, ilikataa.

"Kumbe ulijua," alisema. "Siku ile ulijua kama ni pini."

"Mutoto wangu, nani alikuwa anamushikia bwana wangu taa wakati anabadilisha hizi vitu? Ni weye? Niliona pini imevunjika kabla weye haujafika. Laurent alitaka kukutumia ujumbe kwamba njoo uchukue mashini yako. Nikasema apana, acha aje, aifungue mwenyewe, atacheka, atasema, Mama, ni pini tu! Kisha nimupatie mkebe wake. Niliuweka tayari, chini ya karai la samaki. Nilikuwa nangojea tu ucheke."

"Na watu wa mizani?"

"Walikuja kweli. Ningeliwafukuza."

"Sasa juu ya nini ukaniuzia, Mama?" Alikifunga kiganja juu ya pini. "Juu ya nini haukusema?"

"Miye sikuuza kitu. Weye njo ulinunua. Ulisema ni maiti, nikakupa maiti." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa anaongea kama mutu aliyechoka kubeba. "Kisha nikasema, pengine ni haya, atarudi kesho. Ukaleta sabuni. Nikasema, leo atasema. Ukaleta sukari. Rodri, nyumba yangu ilijaa sukari."

Rodrigue alipiga magoti, palepale kwenye maganda ya chuma, yakamchoma kupitia suruali na hakuyajali. Alisema yote. Kwamba ataitoa mashini, ataibeba kesho. Kwamba atalipa bei ya kweli, kama ya Ariwara, kidogo kidogo, mpaka iishe. Kwamba roho yake haijalala tangu siku ile. Alilia, na hakuficha. Micheline, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha jikoni, aligeuza uso.

Mama Brigitte alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akamwinua kwa kiwiko.

"Simama, utajichana. Nilikusamehe zamani, ile siku ya sabuni. Mashini bakia nayo. Tutaipeleka wapi, na Laurent hajui hata kunoa kisu? Kazi fanya, watu wako na njaa ya kusaga unga. Lakini makuta ya maiti tulishakula, Rodri. Mufu ukishamuuza, haumurudishe ndani ya nyumba." Akafungua mwavuli. "Matanga ni Jumamosi ijayo. Kuja na madamu. Mutakaribishwa vizuri."

Akaenda. Rodrigue alishika neno "nilikusamehe" kwa mikono miwili, wiki nzima, na akajiambia kwamba limekwisha. Msamaha ni msamaha, au sivyo?

Jumamosi alivaa shati jeupe, akanunua mbuzi, akafika mapema na Micheline. Chini ya turubai kubwa viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa wageni, na mbele ya mlango wa nyumba ulikuwa umetandikwa mkeka. Watoto wa Papa Josaphat walikuwa wameshakaa, wakubwa kwa wadogo, vichwa vimejaa nywele za mwaka mzima. Shangazi yao alikuwa anajaribu mkasi na wembe kwenye sahani ya maji. Kati ya Laurent na mdogo wake kulikuwa na nafasi, au Rodrigue aliona hivyo. Alivua viatu. Alishavua kimoja, anainama kuvua cha pili, Laurent aliposimama akamjia kwa haraka, na uso wa heshima kubwa.

"Apana, apana, usivue viatu, Monsieur Rodrigue. Karibu huku."

Monsieur. Neno la wageni, si yaya. Laurent alimshika kiwiko taratibu, akamfikisha mstari wa mbele, karibu na pasta na chefu wa mtaa. Alipangusa kiti kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Akamletea soda baridi, ya kwanza kabla ya wote, akaifungua, akainama kidogo. Hakukuwa na dharau hata punje moja. Wangemtukana, angepata pa kushika. Mama Brigitte alipita akiwapa wageni mkono, akafika kwake, akampa na yeye, joto lile lile, maneno yale yale aliyompa pasta: "Aksanti kwa kufika."

Nywele zikaanza kuanguka kwenye mkeka. Za Laurent kwanza. Halafu za aliyemfuata. Watoto walikuwa wanataniana, mmoja ana kichwa kama yai, mwingine kama papai, na kila mmoja akimaliza anapakwa mafuta na kukumbatiwa. Rodrigue alikaa na soda yake mkononi, nywele zake zimesimama kichwani, nyingi, chafu, za mwaka mzima. Micheline alimwekea mkono juu ya goti. Wembe ulifika kwa mdogo wa mwisho, ukarudi kwenye maji. Shangazi akakunja mkeka.

Wakati wa kurudi alimwambia Micheline atangulie. Kwenye barabara kubwa kuna kinyozi mwenye kioo na redio. Rodrigue aliingia, akaketi.

"Style gani, mukubwa?"

"Toa yote."

Kinyozi alimtazama kwenye kioo, akashusha redio. Watu wa Bunia wanaijua nywele ya msiba wakiiona. "Pole sana," alisema, akimfunga kitambaa shingoni. "Ni baba yako?"

Rodrigue alifungua kinywa. Mfukoni alikuwa na pini moja ya shaba, akaishika kwa vidole, akaisikia jinsi ilivyo laini.

"Apana," alisema. "Miye nilikuwa mugeni tu."